Kutoka 403 hadi 505: Sura, Injini na Barabara ya Vumbi

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa kilomita 480 hivi, na leo msafiri huimaliza juu ya lami, tangu anapoiacha Mlolongo hadi anapoteremka Mazeras kuikabili bahari. Ukiifuata ukiwa na historia akilini, utaona njia nyingine ndani ya hii. Karibu na Kibwezi, Mtito Andei na Voi bado kuna njia za udongo mwekundu zinazoachana na lami na kupotelea vichakani, na nyingine zinapanda kuelekea vilima vya Taita. Njia za namna hii, za Kenya, Uganda na Tanganyika, ndizo zilizowahukumu watengenezaji wa magari wa Ulaya na baadaye wa Japani. Gari lililozipita wakati wa masika, likarudi Nairobi zima, lilipata sifa ambayo tangazo la gazeti halikuweza kuinunua.

Nimeifuata njia hiyo nikiwa na swali linalomhusu kila anayeweka akiba anunue gari la kubebea watoto na wazazi wake. Gari la familia linapotolewa upya, ni kipi kinachokuwa kimefanywa upya? Kila baada ya miaka mitatu au minne kampuni hulirudisha sokoni gari lilelile likiwa na taa nyembamba zaidi, grili pana zaidi na bampa iliyochongwa upya. Wauzaji huliita nyu modeli, bei hupanda, na mnunuzi huondoka akiamini amepata gari jingine. Mara nyingi ukifungua bonneti unaikuta injini ya zamani.

Jibu nililipata katika ukoo mmoja wa magari ambao Afrika Mashariki iliujua kuliko koo nyingi: Peugeot 403, 404, 504 na 505. Yalikuwa magari ya mwalimu mkuu, ya daktari wa wilaya, ya ofisa wa serikali na ya mfanyabiashara wa mjini. Yakichoka kidogo yalipewa keria juu ya paa, yakawa ya abiria. Historia ya ukoo huu inaonyesha kwamba gari hupata heshima kwa yale yanayorekebishwa kimyakimya chini ya bonneti na chini ya sakafu, na kwamba sura njema hudumu pale inapoachwa itulie.

Simba kutoka mashariki ya Ufaransa

Familia ya Peugeot ilikuwa ya wafua chuma wa mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, kabla ya gari kubuniwa. Walitengeneza misumeno, vinu vya kusagia kahawa na baiskeli. Alama yao ya simba ilisajiliwa mwaka 1858, ikiwa na maana ya meno ya msumeno yaliyo makali na magumu kama ya mnyama huyo. Kiwanda chao kikubwa cha magari kilijengwa Sochaux mwaka 1912, na kuanzia gari la 201 la mwaka 1929 wakashika desturi ya kuyapa magari yao namba yenye sifuri katikati.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kuonyesha njia mbili za kuuza gari la familia. Henry Ford aliunda Model T kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, bila kujali mno mitindo. General Motors chini ya Alfred Sloan ikashika njia nyingine: gari libadilishwe sura kila mwaka ili mwenye la mwaka jana ajione amepitwa. Mwaka 1927 kampuni hiyo ilianzisha idara ya sura na rangi, ikamweka Harley Earl kuiongoza. Tangu siku hizo biashara ya magari imekuwa ikivutwa na kamba hizi mbili, ya ubora unaokua polepole na ya sura inayozeeshwa kwa makusudi.

Peugeot ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilielekea upande wa kwanza. Gari lake la 203, lililotoka mwaka 1948, lilikuwa na injini ya cc 1,290 ambayo kichwa chake kilichongwa kwa umbo la nusu tufe juu ya kila silinda. Umbo hilo huruhusu valvu kubwa zaidi, hewa iingie na moshi utoke kwa wepesi, na mafuta yaungue yote badala ya kutoka nusu yakiwa mabichi. Injini ndogo ikatoa nguvu iliyozidi kimo chake. Wazo hilo la mwaka 1948 lilirithiwa na injini za petroli za 403, 404 na 504.

403: simba anaondolewa puani

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Peugeot ilikwenda Italia, kwa fundi wa bodi Battista Farina aliyeitwa Pinin, ikamwomba aichore sura ya gari jipya. Mwaka 1955 likatoka 403, gari la mviringo, pana kwa ndani, lenye injini ya cc 1,468. Lilikuwa gari la kwanza la kampuni hiyo kupita idadi ya milioni moja. Mkataba huo na wachoraji wa Turin uliendelea kwa miongo mingi, na ndio uliozipa 403, 404, 504 na 505 nyuso zao.

Mabadiliko ya 403 katika miaka yake ya kwanza yanafundisha mengi. Kwenye ncha ya bonneti yake palikuwa na kichwa cha simba kilichochongoka kuelekea mbele. Kilipendeza macho, lakini mtu akigongwa kingeweza kumjeruhi vibaya, na kabla ya muongo wa 1950 kumalizika kampuni ikakiondoa. Vijiti vya kuashiria kona, vilivyochomoza kutoka kwenye nguzo ya mlango, navyo vikaacha nafasi kwa taa za kumemeta. Hayo yalikuwa mabadiliko ya sura, na kila moja lilikuwa na sababu ambayo dereva au mtembea kwa miguu angeweza kuielewa.

Badiliko kubwa zaidi halikuonekana kwa nje kabisa. Katika magari mengi ya zama hizo feni ya kupozea rejeta ilifungwa kwa mkanda moja kwa moja na injini, ikazunguka saa zote, hata asubuhi ya baridi wakati maji bado hayajapata moto. Kuzungusha feni bila haja ni kuchoma petroli bure. Peugeot ikaweka feni yenye klachi ya sumaku ya umeme: maji yakipoa feni huachiwa, yakipanda joto hukamatwa tena. Injini iliwahi kupata joto lake la kazi, ikapunguziwa mzigo, ikatumia mafuta pungufu. Mtu aliyelitazama gari likiwa limeegeshwa asingejua kwamba kuna kilichobadilika.

Mwaka 1959 ikaongezwa 403 ya dizeli, gari la kwanza la dizeli la Ufaransa kuundwa kwa wingi. Nguvu yake ilikuwa karibu farasi 50 tu, na mtu mwenye haraka hakuipenda. Mtu wa safari ndefu aliielewa mara moja. Injini ya dizeli ya namna hiyo ilibana hewa takriban mara 20, wakati ya petroli ya siku hizo ilibana kati ya mara 7 na 9, na kadiri hewa inavyobanwa zaidi ndivyo kila tone la mafuta linavyotoa kazi kubwa zaidi. Tena haina plagi za kuleta cheche wala kabureta ya kuzibwa na uchafu. Mbegu ya teksi za masafa marefu zilizokuja kujaa barabara za Afrika ilipandwa hapo.

404 na hukumu ya Safari

Mwezi Mei 1960 ikaja 404. Turin ilikuwa imeinyosha mistari yote: bodi ya pembe zilizo wazi, kioo kikubwa, na mapezi mafupi nyuma kama ulivyokuwa mtindo wa siku zile. Wachoraji haohao walikuwa wameuza mistari inayofanana na hiyo kwa Fiat na kwa Waingereza waliounda Austin Cambridge na Morris Oxford, hata magari hayo yakasimama kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam yakionekana ndugu. Majirani wengi wangeweza kuyachanganya kwa mbali. Barabara haikuyachanganya.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita katika nchi tatu zilizotawaliwa na Uingereza, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanuni yake moja inastahili kukumbukwa na kila mnunuzi: katika miaka ya mwanzo magari yalipangwa makundi kwa bei yake dukani, na yalipaswa kuwa magari ya kawaida yanayouzwa kwa watu. Kwa hiyo mkulima wa Nakuru au karani wa Kampala aliyesoma matokeo aliweza kujua fedha yake ingemnunulia gari la kustahimili nini. Miaka hiyo Volkswagen kobe lilishinda zaidi ya mara moja, Mercedes-Benz nalo likashinda mfululizo kuanzia 1959 hadi 1961.

Pasaka ya mwaka 1963 mvua ilinyesha bila huruma. Yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki, mkazi wa Kenya mwenye asili ya Poland, akiwa na mwenzake Paddy Cliff. Mwaka 1966 na tena 1967 ushindi ulikwenda kwa 404 iliyoendeshwa na Bert Shankland, Mskochi aliyeishi Tanzania, akisomewa ramani na Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa ukali uleule. Yalianza magari zaidi ya 90, yakamaliza 7 tu, na walioongoza walikuwa tena Nowicki na Cliff ndani ya 404. Ushindi mara nne katika miaka sita, kwa gari ambalo kwa nje lilikuwa karibu lilelile la mwaka 1960.

Kwa ndani gari lilikuwa limebadilika sana. Injini ya cc 1,618 ililazwa ubavu kwa pembe ya nyuzi 45, bonneti ikawa fupi kwa kimo na uzito ukashuka chini. Mwanzoni ilitoa nguvu za farasi 72. Kisha ikaja ile ya kupuliza petroli kwa pampu ya Kugelfischer ya Ujerumani badala ya kabureta, ikafika 85, na baadaye ikapanda zaidi. Kabureta hutegemea hewa ivute petroli yenyewe, na kila silinda hupata kiasi kisicho sawa na mwenzake. Pampu hupima, ikaipa kila silinda haki yake kwa wakati wake. Katikati ya muongo huo krankshafti nayo, iliyokuwa imeshikwa mahali 3, ikashikwa mahali 5, ikapunguza kutetema na kupinda kwenye mwendo wa kasi. Nalo dizeli la 404 likajengewa bodi ya kiti kimoja, likapelekwa katika uwanja wa Montlhéry mwaka 1965, likaweka rekodi 40 za mwendo na masafa.

Jambo jingine lililowapendeza mafundi wetu ni kwamba silinda za injini hizi hazikuchongwa ndani ya bloku yenyewe. Zilikuwa slivu za chuma zinazotoka na kuingia, maji yakizunguka nje yake. Silinda ikilika, fundi hakuhitaji mashine ya kuchonga bloku, ambayo huenda ilikuwa mji mwingine kabisa. Aling'oa slivu na pistoni zilizochoka, akaweka seti mpya, akabadilisha gesketi, gari likarudi barabarani. Mafundi wazee wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi bado wanaizungumzia injini hiyo kwa heshima wanayompa mtu aliyetangulia mbele ya haki akiwa ameishi vizuri.

Ufaransa iliacha kuunda gari dogo la 404 mwaka 1975, baada ya miaka 15. Katika kipindi hicho dashibodi ilipata saa za mviringo badala ya kipimo kirefu cha mlalo, na vitu vidogo vya urembo vikaja na kuondoka. Sura iliyochorwa mwanzoni ilibaki. Mwenye 404 ya mwaka 1962 hakufanywa aone haya mbele ya mwenye ile ya 1970, na vipuri vingi vya gari moja vilimfaa mwenzake.

504: macho mapya, mifupa iliyoimarishwa

Gari la kumfuata mshindi huyo lilipangwa kuonyeshwa katikati ya mwaka 1968. Mwezi Mei wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa waliisimamisha nchi kwa migomo, na uzinduzi ukasogezwa hadi Septemba. 504 ilichorwa na Aldo Brovarone wa Pininfarina. Taa zake za mbele zilipanuka kuelekea pembeni na kuinuka kidogo, hata magazeti ya Ulaya yakazifananisha na macho ya mwigizaji Sophia Loren. Mgongo wake ulishuka taratibu kisha ukavunjika ghafla juu ya buti. Mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya.

Uzuri huo ulisimama juu ya kazi ya kihandisi. Kila gurudumu la gari dogo la 504 lilijitegemea, na springi zake ndefu ziliruhusu tairi kuzama shimoni na kupanda bila kulitupa gari. Breki zote nne zilikuwa za diski. Injini ilianza na cc 1,796 na nguvu za farasi karibu 80 kwa yenye kabureta. Kufikia magari ya mwaka 1971 ikawa cc 1,971, ikapita farasi 90, na yenye pampu ya petroli ikapita 100. Kwa wenye familia kubwa kulikuwa na lile refu la steshenwagoni, lililopewa nafasi kubwa zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nyuma likawekewa ekseli nzima iliyobebwa na springi nne za koili. Aina yake ya safu tatu za viti iliitwa Familiale, yaani ya familia, ikakaa watu saba.

Mwaka 1973 mambo mawili yalikutana. Vita vya Mashariki ya Kati vilileta vikwazo vya mafuta, na bei ya pipa ikapanda takriban mara nne, kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12 mwanzoni mwa 1974. Mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikidaiwa hapo awali. Petroli imekuwa ghali, abiria ni wengi, na safari za miji kwa miji zinataka gari linalokimbia kuliko basi. 404 na 504 ndefu zilikuwa tayari. Kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu au Mombasa watu walisema tu kwamba wanapanda Peugeot, kama leo wanavyosema wanapanda basi, na kila mtu akaelewa ni aina gani ya safari. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa kidogo na joto lake lilikuwa kali, lakini aliyekikalia alifika.

Dizeli sasa ikapata siku yake. Injini ya 504 ya dizeli ilianza na cc 2,112, baadaye ikakua hadi 2,304 na farasi 70. Ilikuwa na kelele, moshi wake wa asubuhi ulijulikana mtaa mzima, na mlima iliupanda kwa subira. Mwenye gari aliyehesabu lita jioni hakujali. Akijaza tangi moja alikwenda mbali kuliko mwenye petroli, na injini yenye mzunguko wa taratibu ilikawia kuchakaa.

Safari haikuisahau 504. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden na mwenzake Arne Hertz walishinda kwa 504 ya kawaida yenye pampu ya petroli, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 kupee yenye injini ya V6. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, Joginder Singh wa Kenya alikuwa amechukua taji la 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo la familia kutoka Japani, baada ya kulitwaa pia mwaka 1974. Aliyekuwa akisoma alama za nyakati aliona kwamba mashariki ya mbali kuna mshindani anayekuja.

Je, sura ya 504 ilifanywa nini katika miaka hiyo yote? Vishikio vya milango vilizamishwa ndani ya bodi. Mkono wa gia uliokuwa kando ya usukani ulihamia sakafuni. Bampa zikanenepa, grili ikapakwa weusi. Macho yalibaki yaleyale hadi uundaji wa magari ya abiria ya 504 huko Ulaya ulipofika mwisho mwaka 1983, zaidi ya magari milioni tatu yakiwa yametoka. Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha hadi karne hii, hasa pikapu yake, iliyobeba maziwa, mboga, saruji na maiti za kurudishwa nyumbani kuzikwa. Si magari mengi yaliyohudumu kuanzia arusi hadi msiba katika maisha ya familia moja.

505 na milango iliyofunguliwa

Mwaka 1979 ikaja 505. Kwa mtazamo ilikuwa mtoto wa 504 aliyenyooshwa: macho yaleyale ya kuinuka, pembe kali zaidi, kioo kikubwa. Matoleo ya bei nafuu yaliendelea na injini ya petroli ya lita mbili kutoka 504, ya bei ya juu yakapata mpya iliyotumia chuma chepesi cha aluminiamu. Dizeli ilifika lita mbili na nusu, nyingine zikawekewa turbo, kifaa kinachotumia moshi unaotoka kuzungusha pangaboi la kusukuma hewa mpya ndani. Nguvu ambayo zamani ilipotea kwenye ekzosi ikarudishwa kazini. Gia ya tano nayo ikaja, injini ikapumua kwenye barabara ndefu badala ya kulia kwa mizunguko mingi. Ile ndefu ya familia ya mwaka 1982 ilikaa watu wanane.

Mwaka 1985 gari la 505 likafanyiwa ukarabati wa sura. Dashibodi ilibadilishwa yote, grili ikachorwa upya, bampa zikawa kubwa zaidi. Gari lilipendeza, na zaidi ya milioni 1.3 zilikuwa zimeundwa lilipofika mwisho wake Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini ardhi ilikuwa inahama chini ya magurudumu yake. Magari ya dunia yalikuwa yanahamia mfumo wa kuvutwa na magurudumu ya mbele, mwepesi na wenye kubana mafuta zaidi. Watengenezaji wa Japani nao walikuwa wakitumia mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa kielektroniki, uliofanya kwa bei ndogo kazi ambayo pampu ya Kugelfischer iliifanya kwa gharama kubwa.

Kisha biashara ikafunguliwa. Miaka ya 1990 Kenya na Tanzania zililegeza masharti ya kuagiza magari, na meli zikaanza kushusha Mombasa na Dar es Salaam magari ya Japani yaliyokwisha kutumika, yenye usukani upande wetu, injini ndogo na bei ambayo mwalimu angeweza kuifikia. Vibasi vya Nissan na Toyota vikachukua kazi ya Familiale, Corolla ikachukua kazi ya gari la nyumbani. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Corolla iliyoingia ilikuwa imejengwa kwa falsafa ileile iliyoiinua 404: injini isiyosumbua, mafuta kidogo, vipuri tele, fundi yeyote anaijua.

Kipimo cha kweli

Nikiirudia njia hii yote, naona vipimo vitatu ambavyo ukoo wa 403 hadi 505 ulijipimia, na ambavyo kila gari lenye sura mpya lingepaswa kupimwa kwavyo leo.

Kwanza, badiliko la nje liwe na sababu. Simba alitolewa kwenye bonneti ya 403 ili asimuumize mtu. Taa iliyobadilishwa umbo bila kumulika mbali zaidi ni pambo ambalo mnunuzi analilipia, na likivunjika atalilipia tena kwa bei ambayo wauzaji wa vipuri wa Gerezani jijini Dar es Salaam watamtajia bila aibu.

Pili, ufanisi wa injini upimwe pamoja na umri wake. Kampuni hiyohiyo ya Peugeot inatupa funzo la karibu. Injini yake ndogo ya PureTech ya cc 1,199 na silinda tatu ilisifiwa Ulaya na kupewa tuzo kwa nguvu zake na ulaji wake mdogo. Mkanda wake wa taimingi uliwekwa ndani ya oili ili kupunguza msuguano. Katika injini nyingi mkanda huo ulianza kumomonyoka kabla ya wakati wake, vipande vikaziba njia za oili, na mwaka 2024 mtengenezaji akalazimika kurefusha dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Lita chache zilizookolewa kila mwezi haziwezi kuilipa injini iliyokufa. Mhandisi aliyeweka slivu za kutoka na kuingia mwaka 1948 alikuwa ameufikiria ufanisi kwa miaka mingi mbele, hadi kwenye mikono ya fundi wa tatu na mwenye gari wa nne.

Tatu, gari lihukumiwe kwa barabara litakayoishi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na barabara zetu hazikawii kuufungua mkakasi. Takwimu za ulaji wa mafuta zinazochapishwa hupatikana maabara, gari likiwa kwenye rola, bila watu saba, bila gunia la viazi, bila kilima cha Mazeras wala vumbi la Dodoma. Waandaaji wa Safari ya mwaka 1953 walilijua hilo, wakaweka gari la dukani mbele ya matope na kumwacha kila mtu ajionee.

Kenya leo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo wengi wetu tunanunua magari ambayo kwao yalikwisha kufanyiwa sura mpya mara moja au mbili. Hilo linatupa nafasi nzuri ya kuuliza. Unapolisimamia gari bandarini au kwenye yadi, muulize muuzaji: injini hii ni ileile ya toleo lililotangulia, au kuna kilichorekebishwa, na kwa sababu gani? Inakula lita ngapi kwa kilomita 100 ikiwa imejaa watu? Mkanda au mnyororo wa taimingi hubadilishwa baada ya kilomita ngapi? Fundi wa wilayani kwetu anaweza kuifungua, na vipuri vyake vinapatikana? Asipoweza kukujibu, mpeleke fundi wako akaitazame kabla fedha haijatoka mfukoni. Fungua bonneti kwanza, taa utazitazama baadaye.